Rangi ya Tano Kwenye Shavu

12 Machi

Mvua ya kwanza imeingia saa tisa alasiri, na saa tisa na dakika kumi televisheni yangu imekufa. Imetoa mlio mmoja, kama mtu aliyevunja karanga kwa meno, kisha picha ikajikunja kuwa nukta moja nyeupe katikati ya kioo, na nukta ikazimika. Harufu ya vumbi lililoungua ikabaki sebuleni.

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. "Imekata roho," akasema. "Ina miaka mingapi?"

"Thelathini na moja."

"Imekula chumvi ya kutosha. Iache ipumzike."

Haitapumzika. Ni televisheni ya kichogo, ile yenye nundu nyuma, nzito kama mfuko wa saruji, nami siitumii kwa taarifa ya habari. Ni chombo changu cha kazi. Kwa miaka kumi na saba nimeandika safu ya kila wiki kuhusu michezo ya video, na miaka yote hiyo nimetetea sheria moja hadi nikapoteza marafiki: picha za nukta nukta hazihukumiwi kwenye kioo bapa. Sisi tuliozichora zamani hatukuchora vijiraba. Tulichora kwa ajili ya kioo kinene kinachotawanya mwanga, ambamo rangi mbili zikilala jirani zinaingiliana kama nguo mbili zilizolowekwa kwenye beseni moja. Anayezitazama leo kwenye kioo bapa anaona matofali, anadhani matofali ndiyo sanaa, kisha anakwenda kufyatua matofali yake na kuyaita ya kizamani. Amependa ganda, ndizi ameitupa.

Nimemsomea Mama aya hiyo. Akauliza, "Sisi tuliozichora? Wewe ulichora lini?"

Nikafunga daftari.

13 Machi

Fundi tunamwita Risasi, kwa sababu ya waya wa risasi wa kuchomelea anaouchomeka nyuma ya sikio kama penseli. Ndiye wa mwisho mjini anayekubali kufungua televisheni za aina hii. Aliifunua mgongo, akaipulizia, akaguna.

"Unyevu umeingia. Kuna kifaa hapa kimepasuka, lazima kitafutwe. Njoo Jumatano."

"Jumatano ya wiki gani?"

"Wewe njoo tu, mwandishi. Jumatano haziishi."

16 Machi

Dari linavuja juu ya rafu ya vitabu. Nimeweka ndoo.

19 Machi

Kifurushi kimeletwa kikiwa kimelowa pembe. Ni mchezo mpya wa karakana ya watu wanne upande wa pili wa mji. Wametuma nakala mbili: moja ya kompyuta, ndiyo itakayotolewa kwa watu wote, na nyingine ni kaseti ya plastiki inayoingia kwenye mashine ya zamani, ile ile niliyoifanyia kazi ujanani. Barua inasema kaseti zimetengenezwa kumi na mbili tu, kwa ajili ya wahakiki. "Tafadhali anzeni na kaseti," wameandika. Inasema pia kwamba kila picha imetii amri ya mashine hiyo: rangi nne ndani ya kila mraba mdogo wa kioo, wala si moja zaidi.

Nimecheka peke yangu. Wote huapa hivyo. Nimeona mchezo "wa kizamani" ambao upanga wa shujaa umechorwa kwa nukta kubwa na jasho lake kwa nukta ndogo, kama mtu aliyeandika barua nusu kwa mkono nusu kwa mashine, halafu akaapa kwamba ni ya marehemu babu yake. Nimeona kivuli kinachofifia taratibu, ukungu laini, mwezi unaozunguka bila kukwaruza, mambo ambayo mashine ile ingeyajibu kwa kuzimika. Si kwamba nachukia mapya. Mchoraji wa leo akisema "nimependa nukta, nimezitumia nipendavyo," nitamvulia kofia. Ninachochukia ni kiapo. Ile mipaka tuliiishi kama mtu anavyoishi na mguu mfupi, na watu hawa wanaigiza kuchechemea ili wapigiwe makofi.

Mwishoni mwa barua: "Michoro: karakana." Hakuna jina. Anayeficha jina ana cha kuficha.

Mama ameuliza, "Umempigia dada yako?"

"Bado."

"Mwaka wa nne sasa hiyo bado."

Dada amenitangulia miaka tisa. Miaka thelathini iliyopita tulifanya kazi pamoja katika chumba cha juu ya duka la vitabu, tukitengeneza michezo kwa mashine ile. Yeye alichora, mimi niliandika maagizo ya kuifanya mashine itii. Pale kazini walimwita Sindano, kwa sababu alichora kwanza kwenye daftari la mirabamiraba, kama Mama alivyotufundisha kudarizi vitambaa vya viti: unahesabu nyuzi, unajaza mraba, unahesabu tena. Miaka minne iliyopita gazeti lilinihoji kuhusu enzi hizo, nami nikasema "nilichora". Neno moja. Dada alinipigia siku ile ile. "Hata jua hujui kulichora," akasema, "kila siku unachora chapati." Akakata.

21 Machi

Risasi: kifaa hakijapatikana. Ndoo imejaa mara mbili.

24 Machi

Mhariri anataka makala keshokutwa, siku tatu kabla mchezo haujatoka. Televisheni iko kwa Risasi ikiwa tumbo wazi. Nimeweka nakala ya kompyuta kwenye laptopu. Najua sheria yangu. Nimejiambia sihukumu uzuri, nahesabu tu, na kuhesabu hakuhitaji kichogo.

Mchezo ni hivi: unatembea ndani ya jengo lililokumbwa na mafuriko, unafungua vyumba, unamtafuta aliyebaki. Nakiri, kwa saa nzima nilisahau kuandika. Maji yamechorwa na mtu aliyewahi kukaa akayatazama maji. Mwisho wa ghorofa ya kwanza kuna mwanamke dirishani, anashona. Ukipita, anainua uso.

Huo uso ndio ulionishtua. Shavu la kushoto lina rangi ya shaba yenye joto, laini mno. Laini kupita kiasi. Nikaisimamisha picha, nikaipitisha kwenye programu yangu ya kuhesabu rangi. Mraba wa shavu: tano.

Nikahesabu tena. Tano. Mara ya tatu nikahesabu kwa kidole, nukta kwa nukta. Tano.

Mama alisogea akainama juu ya laptopu. "Sioni kitu. Matofali tu."

"Ni uso wa mwanamke, Mama."

"Basi ana shida, maskini."

Nimefurahi. Naandika hili kwa sababu shajara isiyo na aibu ni barua ya kuombea kazi tu. Nilifurahi jinsi anavyofurahi mtu aliyemshika mwizi akiwa na kuku mkononi. Niliandika bila kuinuka, na chai ikapoa na ngozi juu.

26 Machi

Makala imekwenda. Nimeiita "Rangi ya Tano". Aya ninayoipenda zaidi: "Shavu hili ni ushahidi. Aliyelichora hajawahi kukaa mbele ya mashine aliyoapa kuitii, maana angekaa angejua kwamba rangi ya tano haiombwi wala haikopwi. Huyu ni mgeni aliyeingia msibani akalia kuliko wafiwa."

Mhariri amejibu: "Moto."

29 Machi

Mchezo umetoka leo, na makala yangu pia. Hadi mchana ilikuwa imesambazwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Watu wamekata picha ya shavu, wameizungushia duara jekundu, wameandika "5" juu yake. Wanaohesabu sasa ni wengi kuliko wanaocheza.

Saa kumi simu imeita. Ni mwenye karakana, mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyekuwa analia akanawa uso kwanza.

"Mzee, samahani. Umeitazama kwenye televisheni?"

"Binti, nimehesabu. Hesabu haibadiliki kwa kubadilisha kioo."

"Kwa hiyo kaseti hukuiweka."

"Kaseti yako ina picha nyingine?"

"Aliyechora ametuomba tusikujibu lolote. Amesema ukikosea utajua mwenyewe."

"Mwambie namsubiri kwa jina lake."

"Nitamwambia," akasema, na akakata kwa adabu iliyonikera kuliko tusi.

Mama alikuwa anasikiliza. Alichukua kitambaa anachokidarizi, akakigeuza, akakagua mgongo wake uzi kwa uzi, kama afanyavyo akitaka kujua kazi ni safi au imedanganywa. Alikaa hivyo muda mrefu.

2 Aprili

Mvua. Mvua tu.

6 Aprili

Duka la mtandaoni limeuondoa mchezo kwenye ukurasa wa mbele. Wanunuzi wanaurudisha. Mtu mmoja amewaandikia wale watu wanne maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa, na chini yake akaweka kiungo cha makala yangu kama mtu anayeweka muhuri. Nilitaka kumjibu. Nikaona kwamba sentensi yake ya kwanza ni yangu, neno kwa neno.

Mama ametoka asubuhi na mwavuli, amerudi adhuhuri, viatu mkononi. Alikuwa amempeleka Dada kliniki ya macho.

"Presha ya macho," akasema. "Walimwambia mwaka jana. Sasa anaona kama anachungulia tundu la ufunguo."

"Mbona sikuambiwa?"

"Ungeambiwa na nani? Mimi kila siku nakuuliza umempigia. Ulidhani nauliza kwa sababu nimekosa la kusema?"

Nimesema nitampigia mvua ikipungua. Nikijisoma sasa, sijui mvua na simu vinahusiana nini.

11 Aprili

Karakana imesalimu amri. Wametoa toleo lililorekebishwa: mtu mwingine amelichora upya shavu, rangi nne. Wasomaji wananipongeza, wameniita mlinzi wa mlango.

Nimeutazama uso mpya. Ni sahihi. Pia ni bapa kama ubao wa kukatia vitunguu, na yule mwanamke akiinua kichwa sasa anaonekana kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake. Nimehesabu: nne. Nikahesabu tena, kana kwamba nne ya pili ingenipa raha zaidi.

14 Aprili

Niandike hili lote kabla sijaanza kulipamba.

Risasi ameniita saa nne asubuhi. Televisheni imepona. Tumeibeba wawili hadi kwenye gari lake chini ya turubai, na hadi sebuleni, tukihema.

"Sikiliza, mwandishi," akasema. "Nyekundu yake imechoka. Hiyo siwezi kuitibu, vioo hivi havitengenezwi tena popote. Ina siku zake. Itumie kwa adabu."

Alipoondoka nilitafuta kitu cha kuijaribia. Kaseti ilikuwa bado kwenye kifurushi, haijafunguliwa. Nikaichomeka kwenye mashine ya zamani. Nilikuwa hata sijakaa.

Maji yale yalikuja yakawa maji. Nikapita vyumba haraka, nikijua ninakokwenda. Ghorofa ya kwanza, mwisho. Mwanamke dirishani. Akainua uso.

Shavu lilikuwa hai. Sina neno lingine, nami ninaishi kwa maneno. Lilikuwa na joto la ngozi iliyokaa karibu na taa, na lilipepesa kidogo sana, kama mtu anayejizuia kucheka.

Nyuma yangu Mama akasema, "We!"

Nikageuka. Amesimama, kitambaa kimeanguka.

"Hiyo blauzi yenye kola ya duara niliishona mwenyewe. Huyo ni mimi. Huyo ni mimi nikiwashonea sare, wewe ukiwa darasa la pili." Akasogea hadi pua karibu iguse kioo. "Amenipatia. Kanichora kabla sijawa hivi."

"Nani, Mama?"

Akanitazama kwa macho ya kumtazama mtoto aliyejikojolea ukubwani.

"Mpaka utajiwe?"

Nimepanda kwenye stoo. Masanduku ya karakana yetu ya zamani yako chini ya mabati, kavu, maana dari huchagua kuvujia vitabu vyangu tu. Daftari la mirabamiraba la tatu, ukurasa umekunjwa sikio. Mwandiko wa Dada, herufi zimesimama kama askari: "Mdogo wangu, rangi nne hazitoshi ngozi. Nitachora uso mara mbili, kila mmoja rangi nne. Wewe iambie mashine izibadilishe picha hizi kwa zamu kila kioo kinapochorwa upya, mara hamsini kwa sekunde. Jicho litachanganya lenyewe. Tutapata ya tano bila kuiba."

Na chini yake, kwa mwandiko wangu, maagizo ya mashine. Mistari kumi na moja. Nimeyaandika mimi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja na nilimbeba Dada juujuu siku tulipoona inafanya kazi.

Nimefungua nakala ya kompyuta nikaichunguza kwa akili, si kwa hasira. Kioo bapa hakiwezi kupepesa namna ile bila kuumiza macho, kwa hiyo nakala ya kompyuta inazichanganya picha mbili kuwa moja kabla ya kuzionyesha. Rangi ya tano haikuwa ndani ya mchoro. Ilitengenezwa na kompyuta, ili watu kama mimi wasione kizunguzungu. Ndani ya kaseti mna uso wenye rangi nne, na uso mwingine wenye rangi nne. Hakuna wizi. Kuna mtu mmoja tu duniani aliyekuwa na mistari kumi na moja ya kumkumbusha, na kwa miaka thelathini ameisimulia hadithi ile bila dada yake ndani, mpaka hila ya dada yake nayo ikatoka pamoja naye.

Mama bado yuko mbele ya televisheni. Nimemwambia aizime. Amesema, "Ngoja kwanza nijione."

16 Aprili

Anaishi chumba cha chini, jengo la matofali nyuma ya kiwanda cha magodoro. Nimepiga hodi.

"Vua viatu, una matope."

"Umejuaje ni mimi?"

"Unapiga hodi kama unakuja kukamata mtu."

Chumba ni kisafi kwa namna ya mtu anayehitaji kila kitu kiwe mahali pake. Meza, taa yenye shingo ndefu, kioo cha kukuzia kikubwa kama sahani, daftari za mirabamiraba zimepangwa kwa ukubwa. Ameketi upande, akinitazama kwa pembe ya jicho, kama kuku. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Hakuna aliyenieleza kuhusu nywele.

"Dada, nimeitazama kwenye televisheni."

"Lini?"

"Juzi."

"Na makala uliandika lini?"

Nikainama kupanga viatu vyangu.

"Basi umetazama baada ya kuhukumu. Hata hakimu mla rushwa husikiliza kwanza."

"Televisheni ilikuwa kwa fundi."

"Pole kwa televisheni."

Nikamuuliza kwa nini hakuweka jina. Mikono yake ilikuwa inatafuta penseli mezani, ikaipata, ikatulia.

"Ningeweka jina, ungeandika kuhusu mimi na wewe. Ungenisifu ili uonekane mwema, au ungenitukana ili uonekane wa haki. Nakujua. Nilitaka uandike kuhusu shavu." Akaigeuza penseli. "Daktari aliniambia, mama, una miezi sita ya kuona kitu kidogo kama nukta. Nikasema, basi nichore mara moja zaidi, nimpe mtu anayejua, aniambie kama mkono bado upo. Mji mzima huu anayejua ni mmoja. Bahati mbaya ni wewe."

"Mkono upo, Dada."

"Sasa unaniambia kwa sababu umejua ni mkono wangu."

"Nimeona kabla sijajua. Mama ndiye—"

"Uliona kabla hujajua ukaandika nini? Nisomee. Ile ya mgeni msibani. Nimesomewa mara moja tu, na aliyenisomea alikuwa analia, sikuisikia vizuri."

Sikuisoma. Nilikaa pale nikitazama soksi zangu.

"Nitaandika kukanusha," nikasema mwishowe. "Kwa herufi kubwa. Jina lako juu."

"Andika. Ni kazi yako." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Wale watoto wa watu wamemwekea Mama sura gani?"

Nilifikiri kudanganya. "Bapa. Kama ubao wa vitunguu."

"Mama kaiona?"

"Hapana."

"Usimwonyeshe."

Mlangoni nikavaa viatu vyenye maji. Hakuinuka. "Na uzibe hilo dari," akasema. "Mama anakohoa."

20 Aprili

Kanusho limetoka. Nimeeleza yote, picha mbili, mistari kumi na moja, jina lake kamili katika sentensi ya kwanza na ya mwisho. Ni makala bora kuliko "Rangi ya Tano", na limesomwa na watu wachache kuliko wanaosoma tangazo la kifo la mtu wasiyemfahamu. Msomaji mmoja ameandika: "Kumbe ni dada yake! Sasa tumeelewa."

Mwenye karakana amepiga simu.

"Mzee, nimesoma. Asante."

"Urudisheni ule uso."

"Nani atauamini? Uliwafundisha watu kuhesabu. Sasa wanahesabu. Tukiurudisha, watahesabu tano, watasema tumedanganya mara mbili." Nikasikia meza ikiburutwa nyuma yake. "Halafu tunafunga. Mwisho wa mwezi tunatoka hapa."

"Na michoro yake?"

"Iliyo kwenye kompyuta tutampa yote, ni yake. Lakini kwenye kompyuta haipepesi. Inayopepesa ni kaseti tu. Zile kumi na mbili."

Nimewaandikia wahakiki wengine kumi na mmoja. Watatu wamejibu. Mmoja ameitupa. Mmoja hakumbuki. Mmoja ameuliza kama ina thamani.

24 Aprili

Mama ametaka kujiona tena. Nimewasha.

25 Aprili

Tena. Anavuta kiti karibu, anadarizi, anajitazama. "Nilikuwa na shingo," anasema.

27 Aprili

Risasi alipita kukinga mvua barazani. Alitazama kioo, akanitazama. "Nilikwambia kwa adabu."

"Ni Mama anayeangalia."

"Nyekundu haijui mama wa mtu," akasema.

Nimepanda juu ya bati mwenyewe na lami. Dari halivuji tena juu ya rafu. Linavuja mahali pengine.

30 Aprili

Dada amekubali kuja. Mama ndiye aliyempigia. Kwa niaba yangu hakusema lolote, nilikuwa nimesimama pale pale.

3 Mei

Siku ya kwanza bila mvua tangu katikati ya Machi. Ukuta umebaki na ramani za ukungu. Dada ameletwa na jirani yake, ameingia akigusa fremu ya mlango, mgongo wa kochi, bega la Mama. Juu ya bega la Mama mkono ulikaa zaidi.

"Kioo kiko wapi?"

Nikamwongoza hadi kwenye kiti kidogo mbele ya televisheni. Akasogea hadi magoti yakagusa kabati, akageuza uso pembeni, akitafuta kwa lile tundu lake. Nikaichomeka kaseti. Nilipita vyumba polepole, nikimtajia: ngazi, maji, mlango wa pili. Akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa barua aliyoiandika mwenyewe.

"Tumefika," nikasema. Mwanamke dirishani akainua uso.

Dada akaweka kiganja juu ya kioo, nikasikia ule mchakacho mdogo wa umeme kwenye vidole vyake.

"Siioni," akasema. "Naona mwanga tu, unakuja kando. Anapepesa?"

"Anapepesa."

"Na shavu? Shavu limekaaje?"

Mama alinitazama. Alikuwa ameona nilichokiona tangu tulipowasha, kwa sababu amelitazama shavu hilo siku kumi mfululizo. Nyekundu ilikuwa inaisha. Picha mbili zilikuwa bado zinabadilishana mara hamsini kwa sekunde, kwa utiifu ule ule wa mistari yangu kumi na moja, lakini nusu ya mchanganyiko haikuwepo tena. Shaba ilikuwa imekwenda. Shavu la Mama lilikuwa na rangi ya maji ya bwawa.

Midomo ya Mama ikasema bila sauti: mwambie ni zuri.

"Nyekundu ya kioo inakufa, Dada," nikasema. "Fundi alinionya, sisi tukaitumia sana. Karibu wiki tatu zilizopita lilikuwa ngozi, lilikuwa na joto, Mama alijitambua akiwa nyuma yangu. Leo ni kijani. Chini ya jicho bado pana shaba kidogo, nukta kama sita. Kwingine ni kijani."

Mama akafumba macho.

Dada alikaa na kiganja pale pale. Kisha mabega yakatikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko kifupi, kikavu, kisicho na rehema.

"Nukta sita," akasema.

"Sita. Pengine saba."

"Basi leo umetazama."

Hakusema zaidi, wala sikuuliza kama ni msamaha, maana sidhani kwamba ulikuwa. Mama alimletea chai, akaishika kwa mikono miwili. Nilipozima televisheni picha ilijikunja ikawa nukta moja katikati, nayo haikuwa nyeupe tena. Nimeitoa kaseti, nimeifunga ndani ya kitambaa cha Mama. Nyekundu iliyobaki kwenye kile kioo inatosha, kwa makadirio ya Risasi, saa mbili au tatu za kutazama. Ninaitunza, na anayepaswa kuiona hawezi tena.